Kizuri Chajiuza: Tahakiki ya Orodha za Vyuo Vikuu vya Dunia na Matangazo Yake

Utangulizi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilizaliwa sokoni, lakini maana yake imevuka mipaka ya soko. Inatufundisha kwamba sifa ya kweli hutoka kwa mtumiaji wa kitu, na kwamba kelele za muuzaji si ushahidi wa ubora wa bidhaa yake. Katika makala haya tunakusudia kuifanya methali hiyo mizani ya kupimia desturi moja iliyoenea sana katika karne hii ya ishirini na moja. Nayo ni desturi ya kuvipanga vyuo vikuu vya dunia kwa namba, hasa kwa kufuata utafiti wao, kisha kuitangaza orodha hiyo katika magazeti, redio, televisheni na mitandao ya nchi nyingi kwa siku moja na karibu kwa maneno yale yale.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lina uhusiano gani na utamaduni wa taifa? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Kila jamii ina njia zake za kuamua elimu ni nini, nani ni mjuzi, na nani ana haki ya kumsifu mjuzi huyo. Njia hizo ni sehemu ya utamaduni kama zilivyo ngoma, lugha na mila za jando. Taifa likikubali kipimo cha elimu kilichotengenezwa kwingine bila kukichunguza, limekubali pia maana ya elimu iliyomo ndani ya kipimo hicho.

Zaidi ya hayo, tangazo ni utungo. Lina mtunzi, lina hadhira, lina mtindo na lina dhamira. Kwa hiyo laweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi au tamthilia darasani. Hatukusudii kubishana na kila hesabu iliyomo katika orodha hizo. Hoja yetu ni hii: nguvu kubwa ya orodha haimo katika hesabu yake, bali imo katika kutangazwa kwake, na tangazo likipokelewa bila tahakiki, kipimo hugeuka kuwa bwana wa kile kinachopimwa.

Majigambo na mashahidi wake

Kujisifu si jambo geni kwetu. Fasihi simulizi ya makabila yetu ina utanzu mzima uitwao majigambo, au vivugo. Kwa Wahaya wa Kagera, shujaa alisimama mbele ya Mukama na watu wake, mkuki mkononi, akataja jina lake, ukoo wake na matendo yake ya vitani au mawindoni. Alijikweza kwa tamathali nzito, na hakuna aliyemlaumu kwa kujikweza, kwa kuwa ndiyo kanuni ya utanzu wenyewe.

Hata hivyo, mjigambaji huyo hakuwa huru kusema lolote lile. Waliomsikiliza walikuwa jirani zake na wenzake wa vitani. Walijua nani alisimama imara na nani alikimbia. Mwenye kutia chumvi kwa ufundi alishangiliwa, lakini mwenye kudai tendo asilolitenda hakuwa na pa kujificha.

Wala mashindano si jambo geni. Kwa Wasukuma, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yana mapokeo marefu ya kushindana kwa kucheza siku moja katika uwanja mmoja, na kundi linalowavuta watazamaji wengi zaidi ndilo linalohesabiwa kuwa limeshinda. Hapo waamuzi ni watazamaji wenyewe, nao wapo uwanjani kwa miguu yao. Wameona kwa macho na kusikia kwa masikio.

Kutokana na mifano hii miwili twaweza kupata masharti matatu ya sifa ya haki. Kwanza, anayesifu ajulikane. Pili, tendo linalosifiwa litajwe waziwazi. Tatu, wawepo mashahidi wenye uwezo wa kukubali au kukanusha. Sasa tuzitazame orodha za vyuo vikuu kwa masharti hayo matatu.

Asili ya orodha

Orodha ya kwanza ya dunia nzima iliyopata umaarufu mkubwa ilitolewa mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Jiao Tong cha Shanghai, nchini China. Yafaa tukumbuke kwamba kusudi lake la awali lilikuwa la ndani ya nchi. Mwaka 1998 serikali ya China ilikuwa imetangaza nia ya kujenga vyuo vikuu vya hadhi ya kimataifa, na watafiti wa Shanghai walitaka kujua umbali uliokuwapo kati ya vyuo vyao na vile vya mataifa yaliyotangulia. Walijitengenezea rula. Ni magazeti ya dunia yaliyoichukua rula hiyo ya kupimia kiwanja kimoja na kuifanya rula ya kupimia kila kiwanja.

Mwezi Novemba 2004, gazeti la London liitwalo Times Higher Education Supplement, likishirikiana na kampuni ya Quacquarelli Symonds, likatoa orodha yake ya vyuo 200. Washirika hao waliachana baada ya orodha ya mwaka 2009, na tangu 2010 kila mmoja hutoa yake. Hivyo zikapatikana orodha tatu zinazotajwa zaidi kuliko nyingine zote.

Orodha hizi hupima nini? Ile ya Shanghai, ambayo ndiyo iliyo wazi zaidi, ina vigezo sita. Asilimia 10 ya alama hutolewa kwa chuo ambacho wahitimu wake wamepata Tuzo ya Nobeli au Medali ya Fields ya hisabati, na asilimia 20 kwa chuo ambacho walimu wake wamezipata. Asilimia 20 ni ya watafiti wanaonukuliwa sana na wenzao, asilimia 20 ni ya makala yaliyochapishwa katika majarida mawili tu, Nature na Science, na asilimia 20 ni ya makala yaliyomo katika faharasa mbili kubwa za majarida. Asilimia 10 iliyobaki hupatikana kwa kugawa matokeo hayo kwa idadi ya walimu.

Msomaji atazame vigezo hivyo kwa makini. Tuzo ya Nobeli ilianza kutolewa mwaka 1901, miaka 60 kabla ya Dar es Salaam kuwa na chuo kikuu. Tena, kwa upande wa walimu, Nobeli zinazohesabiwa ni za fizikia, kemia, tiba na uchumi. Ile ya fasihi, ambayo mwaka 2021 ilimwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Kent, haimo. Vitabu havina nafasi. Ufundishaji hauna kigezo chake wenyewe. Mkulima aliyeongeza mavuno yake kwa ushauri wa mtafiti haonekani popote. Hatusemi kwamba kinachopimwa hakina thamani. Kina thamani kubwa. Tunachosema ni kwamba kinachopimwa ni kipande cha kitu, na tangazo hukipa kipande hicho jina la kitu kizima.

Orodha za London zilichukua njia nyingine. Mwaka 2004, nusu ya alama zote ilitokana na maoni ya wanataaluma walioulizwa ni vyuo gani wanavyoviona kuwa bora. Hapa tumefika mahali pa ajabu. Sifa hutangazwa, sifa iliyotangazwa huwafikia wanataaluma, mwaka unaofuata wanataaluma huulizwa nani ana sifa, na jibu lao hutangazwa tena. Ni nani kati yao aliyewahi kukaa katika darasa la chuo anachokitaja? Mashahidi wa vivugo walikuwapo vitani. Mashahidi hawa wengi wao walisikia habari za vita.

Lugha ya tangazo

Tuingie sasa katika utungo wenyewe, yaani tangazo. Siku ya kutolewa kwa orodha hupangwa mapema. Magazeti hupewa taarifa kabla, kwa sharti la kutoitoa mpaka saa iliyowekwa. Kila bara na kila nchi hutafutiwa habari yake ndani ya orodha moja: hapa kimepanda chuo fulani, pale kimeingia kwa mara ya kwanza chuo kingine. Halafu vyuo vyenyewe huanza kuimba. Kila kilichotajwa hutoa taarifa yake, huweka nembo ya orodha katika barua na mabango yake, na mkuu wake huhojiwa redioni. Kwa hiyo kampeni hii ya dunia nzima haihitaji wapiga debe wa kulipwa. Anayesifiwa ndiye mpiga debe, naye hupiga debe hilo kwa gharama zake.

Mtindo wa matangazo hayo una alama zinazotambulika kwa urahisi. Alama ya kwanza ni kumficha mtenda. Tutasoma kwamba chuo "kimetambuliwa kuwa bora" au "kimetajwa miongoni mwa vyuo vinavyoongoza". Kauli ya kutendwa humwondoa mtenda, na nafasi yake hujazwa na neno "dunia". Lakini dunia haikuketi kikao. Aliyetambua ni kampuni yenye ofisi, wafanyakazi na hesabu za faida na hasara. Gazeti hilo la London, ambalo sasa huitwa Times Higher Education, lilinunuliwa mwaka 2019 na kampuni ya uwekezaji iitwayo Inflexion. Watoaji wa orodha huviuzia vyuo nafasi za matangazo, takwimu, ushauri na mikutano. Quacquarelli Symonds wana pia mpango wa nyota, ambamo chuo hulipa ili kikaguliwe na kupewa nyota za kuonyesha. Hatudai kwamba namba za orodha zinanunuliwa. Lakini mwanafunzi wa tahakiki hufundishwa kuuliza msimulizi ni nani na anasimulia kwa maslahi ya nani. Haifai swali hilo linyamaze pale msimulizi anapozungumza kwa tarakimu.

Alama ya pili ni kupunguza uwanja mpaka mshindi apatikane. Chuo kisichokuwa cha kwanza duniani kitakuwa cha kwanza barani. Kikikosa hilo, kitakuwa cha kwanza katika kanda, au miongoni mwa vyuo vichanga, au katika somo moja, au katika kigezo kimoja cha somo hilo. Watoaji wa orodha wameijua haja hiyo, nao wameongeza orodha juu ya orodha, hata imekuwa vigumu kwa chuo chenye bidii ya kutafuta kukosa mahali pa kujisifia.

Alama ya tatu ni usahihi wa kuigiza. Namba 86 na namba 94 zikisomwa pamoja huonekana kuwa na tofauti ya wazi, kana kwamba zimepimwa kwa utepe. Watoaji wenyewe hawaamini hivyo mpaka mwisho. Shanghai, baada ya chuo cha 100, huacha kutoa namba moja moja na kuvikusanya vyuo katika mafungu, kama vile 101 hadi 150. Times Higher Education hufanya hivyo baada ya cha 200. Maana yake ni kwamba hapo tofauti ni ndogo mno kustahili kutajwa. Tangazo hulipita jambo hilo kimya.

Alama ya nne ni mwendo. Chuo kikuu ni kama mbuyu: hakibadiliki sana katika miezi kumi na miwili. Gazeti nalo linahitaji habari mpya. Kwa hiyo orodha hutolewa kila mwaka, na kichwa cha habari husema chuo "chapaa" au "chaporomoka", hata kama kilichobadilika ni njia ya kuhesabu tu, au ni majirani walioongezeka. Chuo cha Harvard kimeshika nafasi ya kwanza katika kila orodha ya Shanghai tangu 2003. Palipo na utulivu wa namna hiyo kileleni, msisimko hauna budi kutafutwa chini.

Mgema akisifiwa

Wahenga walisema pia: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii yaeleza kwa maneno machache yale ambayo wataalamu wa takwimu wameyaandikia vitabu. Sifa inapoambatanishwa na kipimo, anayepimwa huacha kuitazama kazi na kuanza kukitazama kipimo. Tuna mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Malaysia. Katika orodha ya London ya mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Malaya kilipata nafasi ya 89. Mabango yakatundikwa chuoni kusherehekea kuingia katika vyuo 100 bora vya dunia. Mwaka 2005 chuo hicho hicho kikawa cha 169. Taifa lilishtuka, na bungeni upinzani ukadai iundwe tume ya kuchunguza sababu za anguko hilo. Chuo hakikuwa kimeanguka. Mwaka 2004 raia wa Malaysia wenye asili ya China na India walikuwa wamehesabiwa kuwa wageni, na kwa kuwa wageni huongeza alama, chuo kilipanda. Hesabu iliposahihishwa, chuo kilishuka. Muda si mrefu baadaye mkuu wa chuo hakuongezewa mkataba. Hapa twaona jinsi kosa la karani wa mbali, likishatiwa katika tarumbeta, linavyoweza kuwa furaha ya taifa mwaka huu na fedheha ya taifa mwaka ujao.

Mfano wa pili ni wa bara letu. Mwaka 2010, Times Higher Education walikiweka Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri katika nafasi ya 147, na katika kigezo cha utafiti wenye kunukuliwa zaidi kilikuwa cha nne duniani, mbele ya Harvard. Kigezo hicho kilibeba asilimia 32.5 ya alama zote. Chuo kilijitangaza kwa fahari. Baadaye ilidhihirika kwamba alama hizo zilitokana hasa na makala mengi ya mtafiti mmoja katika jarida moja, jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelihariri. Walimu na wanafunzi wa Alexandria, mji uliokuwa na maktaba mashuhuri kabla ya vyuo vya Ulaya kuwapo, hawakustahili sifa ile, wala hawakustahili kejeli iliyofuata.

Mfano wa tatu ni wa Saudi Arabia. Mwaka 2011 jarida la Science lilieleza jinsi vyuo vya nchi hiyo vilivyowapa wanasayansi mashuhuri wa nchi nyingine mikataba ya muda mfupi yenye malipo makubwa, ili jina la chuo liandikwe pamoja na majina yao katika makala na katika faharasa ya watafiti wanaonukuliwa sana. Watetezi wa mpango huo walisema unajenga ushirikiano wa kitaaluma. Hata hivyo, ni vigumu kuona mwanafunzi wa pale anajifunza nini kutoka kwa jina lililoandikwa chini ya ukurasa.

Hata serikali kubwa hazikusalimika. Mwezi Mei 2012 Urusi ilitoa amri kwamba ifikapo 2020 vyuo vyake visivyopungua vitano viwe kati ya 100 vya mwanzo duniani. Hapo orodha ya kampuni ya nchi nyingine ilikuwa imeingia katika amri ya nchi. Kipimo kilikuwa kimeshika usukani.

Kisichohesabiwa

Tugeukie sasa nyumbani. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona kwamba maziwa yaliyotiwa katika jokofu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakukata tamaa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, nalo linabeba jina la Mpemba. Je, katika vigezo tulivyovitaja, ni kipi kingeweza kuipima thamani ya mwalimu wa chuo kikuu anayelisikiliza swali la mwanafunzi wa sekondari bila kulicheka?

Mfano wa pili ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi imekuwa mezani kwa walimu, wahariri, mahakimu na watangazaji. Ni utafiti kwa kila maana ya neno hilo: wa kukusanya, kuchambua, kulinganisha na kuamua. Lakini ni kitabu, tena cha Kiswahili. Faharasa za majarida zinazotumiwa kuvipanga vyuo ni za lugha ya Kiingereza kwa sehemu kubwa sana. Katika orodha ya Shanghai, kazi hiyo iliyowatumikia mamilioni ya watu haina alama hata moja.

Mfano wa tatu ni kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney alikiandika alipokuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kilitolewa mwaka 1972 na kampuni ya Bogle-L'Ouverture ya London pamoja na Tanzania Publishing House. Kimesomwa na kubishaniwa katika mabara yote. Nacho pia, kwa kuwa ni kitabu, kingeupatia mwaka ule wa utafiti wa Dar es Salaam alama sifuri.

Hatutoi mifano hii ili tujiliwaze. Jambo lenyewe lina madhara yanayoshikika. Mwezi Mei 2022 Uingereza ilianzisha kibali maalumu cha kuingia na kufanya kazi nchini humo kwa wahitimu wa vyuo bora vya ng'ambo. Chuo kilihesabiwa kuwa bora kama kilikuwa kati ya 50 vya mwanzo katika angalau mbili kati ya orodha tatu tulizozitaja. Hakikuwamo chuo hata kimoja cha Afrika. Kijana wa Mbeya na kijana wa Boston waliofaulu mtihani wenye ugumu ule ule walikuta mlango mmoja ukifunguka kwa mmoja na kufungwa kwa mwingine, na kitasa cha mlango huo kilikuwa tangazo la gazeti. Hapo ndipo tunapoona kwamba tangazo likirudiwa vya kutosha huwa sheria.

Hatari ya pili ni ya ndani zaidi. Mtafiti kijana akiambiwa kwamba makala ya Kiingereza katika jarida la ng'ambo yana alama, na kitabu cha Kiswahili kwa shule zetu hakina, atafanya nini? Hatuwezi kumlaumu akichagua chenye alama. Lakini baada ya kizazi kimoja tutajikuta na chuo kinachojulikana zaidi London kuliko Lindi.

Udhuru na wajibu

Haki yataka tuutaje upande wa pili. Orodha zimewasaidia baadhi ya wanafunzi na wazazi wasiokuwa na njia nyingine ya kulinganisha vyuo. Zimevitikisa vyuo vikongwe vilivyozoea kuishi kwa jina la zamani. Zimewakumbusha wakuu wa vyuo kwamba utafiti usiochapishwa haumfikii mtu. Ni kweli pia kwamba maktaba nyingi za Afrika ni haba, maabara zina upungufu, na walimu wana vipindi vingi mno. Mapungufu hayo yapo hata orodha zote zikichomwa moto. Mbaazi akikosa maua husingizia jua. Sisi hatutaki Afrika iwe mbaazi.

Lakini kukiri udhaifu wako si sawa na kumkabidhi mwingine haki ya kukueleza wewe ni nani. Wapo waliokwisha kulitambua hilo, tena si wanyonge peke yao. Mwaka 2020 taasisi saba kuu za teknolojia za India zilikataa kushiriki katika orodha ya Times Higher Education, zikilalamikia ukosefu wa uwazi wa hesabu zake. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Zurich cha Uswisi, vilijitoa katika orodha hiyo hiyo. Utrecht walisema orodha hutilia mkazo ushindani wakati wao wanataka ushirikiano, na kwamba ubora wa chuo kizima hauwezi kuelezwa kwa namba moja. Mwaka 2015 wataalamu wa kupima utafiti wenyewe walitoa katika jarida la Nature kanuni kumi, zinazojulikana kwa jina la mji wa Leiden. Kanuni ya tatu yataka ulindwe utafiti bora unaohusu mahitaji ya mahali unapofanyika, hata kama hauandikwi kwa Kiingereza.

Tanzania nayo ina mfano wa kujivunia. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sababu iliyotolewa ni kwamba kufanya hivyo kulikuwa kama kuzitangaza shule. Matokeo yenyewe hayakufichwa. Kila mwenye kutaka aliweza kuyaona. Kilichoachwa ni tarumbeta. Tofauti hiyo kati ya kutoa taarifa na kupiga tarumbeta ndiyo hasa tuliyoijadili katika makala haya.

Hitimisho

Tumeona kwamba majigambo ya mababu zetu yalikuwa na mjigambaji anayejulikana, tendo linalotajwa, na mashahidi waliopo. Matangazo ya orodha za vyuo vikuu humficha msifu nyuma ya neno "dunia", hukifanya kipande kuwa kitu kizima, na huwaita mashahidi ambao hawakuwapo. Nguvu yake hutokana na kurudiwa, na wanaoyarudia mara nyingi ni wale wale wanaopimwa.

Dawa haimo katika kuziba masikio, bali katika kusoma. Tungependa kila mwalimu wa Kiswahili, gazeti litakapoandika tena kwamba chuo fulani kimepanda au kimeshuka, alipeleke gazeti hilo darasani na kuwataka wanafunzi walihakiki kama wanavyohakiki utungo mwingine wowote. Ni nani aliyepanga orodha, naye anaishi kwa fedha za nani? Alihesabu nini? Ni nini ambacho hakukihesabu? Tofauti kati ya namba mbili ni kubwa kiasi gani? Mwaka jana njia ya kuhesabu ilikuwa hii hii? Na mwisho, katika kazi za chuo hicho, ni zipi zilizomfikia mkulima, mgonjwa na mwanafunzi wa kijijini, nazo zimeandikwa kwa lugha gani?

Mwanafunzi atakayeyajibu maswali hayo hataidharau orodha wala hataiabudu. Ataisoma kwa kadiri ya uzito wake, kisha atavitazama vyuo vyetu kwa jicho la shahidi. Navyo vyuo vyetu vikifanya kazi ambayo wananchi wanaiona, wanaitumia na wanaweza kuisimulia kwa lugha yao, havitahitaji kujitembeza.